Mapitio ya The Dark Crystal: Age of Resistance: kikaragosi mbele, kompyuta nyuma

Ni sehemu 10, karibu saa tisa za kutazama, na humo ndani huoni uso wa binadamu hata mmoja. Mfululizo huu wa Netflix ulitoka tarehe 30 Agosti 2019, na mpaka leo hatujaona kazi nyingine ya televisheni iliyochanganya vikaragosi vya mkono na picha za kompyuta kwa kina namna hii. Kwa ufundi tunaupa tisa juu ya kumi, kwa mtiririko wa hadithi sita. Ile alama moja ya ufundi imepotelea pale kompyuta ilipoacha kazi ya kufuta ikashika kazi ya kuumba, na hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Asili yake ni filamu ya 1982 iliyoongozwa na Jim Henson na Frank Oz, viumbe wake wakichorwa na Brian Froud. Filamu ile haikutumia kompyuta: kilichosogea kilisogezwa na mkono, waya au mtu aliyejificha ndani ya vazi. Mfululizo unasimulia yaliyotangulia. Louis Leterrier ameongoza sehemu zote 10, upigaji ukafanyika katika studio za Langley nchini Uingereza, na Toby, mtoto wa Froud, akasimamia usanifu wa viumbe. Upande wa kompyuta ulikuwa wa kampuni ya DNEG. Mapema kabisa lilifanyika jaribio: Skeksis wa kikaragosi, mmoja wa watawala wakatili wenye sura ya ndege, akawekwa uso kwa uso na Gelfling wa kompyuta, mmoja wa viumbe wadogo wanaokaribia sura ya mtu. Baada ya jaribio hilo iliamuliwa Gelfling nao wawe vikaragosi. Ukitazama sehemu ya kwanza utaelewa kwa nini. Viumbe wawili wanaomulikwa na taa ileile, vumbi lilelile likipita mbele yao, unaamini wamo chumba kimoja bila mtu kukushawishi.

Anayekumbuka The XYZ Show ya Kenya, ile ya mchoraji katuni Gado iliyoanza mwaka 2009 na vichwa vyake vya lateksi vya wanasiasa, tayari anaijua nusu ya kazi hii. Kikaragosi cha namna ile mara nyingi unakiona kuanzia kifuani kwenda juu, kwa sababu chini yake kuna mtu. Age of Resistance inataka Gelfling atembee msituni akionekana toka utosini hadi unyayoni. Yule mtu wa chini aende wapi?

Kwanza tuone Gelfling anavyochezeshwa. Mchezeshaji mkuu huingiza mkono mmoja kichwani, vidole juu na dole gumba kwenye taya. Mkono wake wa pili unaendesha mkono mmoja wa kikaragosi, na msaidizi anachukua uliobaki. Mtu mwingine yuko pembeni na rimoti, na huyo ndiye mwenye macho: mboni, kope na nyusi, vyote vikisukumwa na mota ndogo za servo zilizobanwa ndani ya fuvu. Kwa hiyo katika mashujaa watatu wa Gelfling, Rian ni Taron Egerton kwa sauti, lakini mwili ni wa Neil Sterenberg. Deet ana sauti ya Nathalie Emmanuel na mkono wa Beccy Henderson, Brea ana sauti ya Anya Taylor-Joy na mkono wa Alice Dinnean. Mabango yalijaa majina ya wenye sauti. Sisi tungeyapanga kinyume.

Ugumu wa watu watatu kuwa kiumbe mmoja uko kwenye macho. Kichwa kinapogeuka, kope zinapaswa kufumba katikati ya mgeuko, kama tufanyavyo sote bila kujua. Mwenye rimoti akichelewa robo ya sekunde, kiumbe anaonekana mlevi. Mboni nazo lazima zielekee ndani kidogo ili zikutane kwenye kitu kinachotazamwa. Zikibaki sambamba, Gelfling anaonekana akitazama ukuta ulio nyuma ya mwenzake. Juu ya hayo, wote wanafuata monita ambayo picha yake haijageuzwa kama ya kioo. Mchezeshaji akisogea kuliani kwake, kiumbe anakwenda kushoto mwa skrini. Miguuni nako hakuna sakafu ya kawaida: seti imeinuliwa juu ya majukwaa na vipande vyake hutolewa, watu wapite chini mikono juu. Pamoja na mizigo yote hiyo, makosa ya macho katika sehemu hizi 10 ni ya kutafutwa.

Sasa tuje kwenye kufuta. Mchezeshaji akilazimika kuingia ndani ya fremu huvaa nguo ya rangi moja mwili mzima, hata usoni. Wengi hudhani rangi ndiyo inayomfuta. Rangi husaidia kumtenga tu. Ukishamtoa linabaki tundu lenye umbo la mtu, na tundu hilo linataka kujazwa na kilichokuwa nyuma yake. Njia ya kawaida ni kupiga seti tupu mara baada ya onyesho, kamera ikirudia njia ileile, kisha kuchukua kipande cha seti hiyo na kuziba. Kamera ikiwa imetulia kwenye stendi, kazi ni nyepesi. Leterrier hakuitaka kamera iliyotulia. Mara nyingi aliishika mwenyewe, akiipenyeza katikati ya viumbe, na mwendo wa kamera ya mkononi haurudiwi. Hapo inabidi mwendo huo ukokotolewe fremu kwa fremu, seti ijengwe upya ndani ya kompyuta kwa vipimo vyake halisi, ndipo kipande kibandikwe kikifuata kila mtikisiko. Ni gharama kubwa kwa kitu ambacho kikifanywa vizuri hakuna atakayejua kimefanywa.

Nywele ndizo zinazoumiza zaidi. Gelfling wana nywele ndefu, nyembamba, na kila unywele unaopita mbele ya mchezeshaji lazima ukatwe kwa mkono fremu moja baada ya nyingine, au uondolewe na kuchorwa mwingine. Ukiona nywele zenye ukingo laini kupita kiasi, kama zimepakwa mafuta kuzunguka bega, hapo kulikuwa na mtu. Kivuli nacho kina hila yake. Kumwondoa mtu hakuondoi kivuli chake sakafuni; kinafutwa peke yake. Kuna la tatu ambalo halifutiki kirahisi: mwili wa mchezeshaji huziba taa, kwa hiyo upande mmoja wa kikaragosi unakosa mwanga ambao ungekuwepo kama kweli kingekuwa peke yake. Tiba yake iko mikononi mwa mtu wa taa, siku ileile ya kupiga. Ukiisubiri kwenye meza ya kompyuta umechelewa. Kazi ya mpigapicha mkuu Erik Wilson inastahili sifa hapa, maana mwanga wa pembeni na ukungu mwepesi unaotanda karibu kila seti hutoa sura ya dunia ya kale na wakati huohuo huficha mshono.

Halafu kuna mguu na ardhi. Kikaragosi hakijisimamii. Uzito wake uko mkononi mwa mtu, kwa hiyo unyayo huelea kidogo au hukanyaga bila goti kupokea mzigo. Mfululizo unakwepa tatizo hili kwa akili: nyasi ndefu, mizizi, joho refu, kamera iliyoshuka chini. Panapohitajika mwili mzima, wachezeshaji kadhaa hushika kiungo kimoja kimoja kisha wote wakafutwa. Hatua za namna hiyo hupendeza kwa sababu zina mashaka kidogo, kiumbe anatafuta pa kukanyaga, jambo ambalo kompyuta hulipatia kwa shida.

Na hapo tunafika kwenye kasoro. Anaporuka hewani, kuanguka kutoka juu, au kupigana kwa kasi, Gelfling hubadilishwa akawekwa pacha wake wa kidijitali. Uso na ngozi vinafanana, mavazi yanafanana, ila mwili unasaliti. Mkono wa mtu aliyeuinua juu kwa muda mrefu hutetema, kichwa cha kikaragosi kinatetema nao, na baada ya saa moja ya kutazama jicho lako limeshauchukulia mtetemo huo kuwa ndio pumzi ya kiumbe. Pacha wa kompyuta hana pumzi hiyo. Anapita hewani kwa mkunjo safi mno, shingo yake inageuka kwa ulaini ambao kikaragosi hakijawahi kuwa nao, na kwa sekunde mbili tatu unatazama mchezo wa video. Wahuishaji wamejitahidi kuwabana wasifanye ambalo kikaragosi hakiwezi, na katika picha za mbali hulioni. Ni katika picha za kati, hasa kwenye mapigano ya sehemu ya 10 pale Stone-in-the-Wood na pale Skeksis mwindaji, Hunter, anapofukuza windo lake, ambapo mshono unaonekana. Dawa ingekuwa kukata mapema zaidi: kikaragosi kianze mruko, pacha apewe katikati tu, kikaragosi kitue. Mahali walipofanya hivyo, hakuna anayelalamika.

Upande wa maji na moto hatuwalaumu hata kidogo kwa kutumia kompyuta. Kiumbe mdogo akisimama karibu na moto halisi, miali inaonyesha ukubwa wake wa kweli mara moja. Kanuni ya zamani ya vitu vilivyopunguzwa ni kuongeza kasi ya kamera kwa kipeuo cha pili (square root) cha kiwango cha upunguzaji: kitu kikiwa robo ya ukubwa wake, unapiga kwa kasi mara mbili, fremu 48 badala ya 24, ili maji yaonekane mazito. Lakini huwezi kupiga mazungumzo kwa fremu 48 halafu midomo ikaendana na sauti. Hivyo maji huongezwa baadaye.

Skeksis ni habari nyingine, na kwa maoni yetu ndio wanaoubeba mfululizo. Ndani ya kila mmoja kuna mtu, mkono umenyoshwa juu kushika kichwa, monita ndogo mbele yake, na wengine nje wakiendesha macho kwa rimoti. Kichwa kikubwa kina nafasi ya mashine nyingi, na sura ya ndege mzee aliyeoza haina binadamu wa kulinganishwa naye, kwa hiyo jicho halina pa kulalamikia. Gelfling wanaonewa na uzuri wao: wanakaribia sana sura ya mtu, na mashavu yasiyokunjwa na kicheko yanaonekana upesi. Mtazame Chamberlain, sauti ya Simon Pegg na mkono wa Warrick Brownlow-Pike, anapowasihi wenzake. Kichwa kinashuka kwanza, mabega yanafuata, vidole vinagusana, na ndipo mdomo unapofunguka. Hakuna kompyuta iliyoguswa hapo, na ndiyo picha inayobaki akilini kuliko majoka yote.

Kuhusu midomo, ifahamike kwamba wachezeshaji walisema maneno yao wakati wa kupiga, sauti za waigizaji mashuhuri zikaingizwa baadaye. Mwigizaji anayefuata taya iliyokwisha kusogea hubanwa, na katika sehemu mbili za mwanzo Rian anasikika kama anakimbiza basi. Baadaye anatulia. Mchezeshaji mzuri hafungui taya kwa kila silabi. Hufungua kwa silabi zenye mkazo na kuziacha nyingine zipite. Anayefanya vipindi vya Kiswahili alizingatie hili maradufu, maana silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na ukizifuata zote kikaragosi kitaonekana kinatafuna.

Tuupime kwa wenzake wa mwaka uleule. Novemba 2019 ilileta The Mandalorian, ambamo mtoto Grogu ni kikaragosi cha kampuni ya Legacy Effects, akiwa wa kompyuta pale tu anapotakiwa kutembea au kufanya ambalo mota haziwezi. Wahuishaji walibanwa wasimpe wepesi ambao kikaragosi hakina. Mwigizaji Werner Herzog aliposikia wanataka pia kupiga picha bila kikaragosi, iwapo wataamua kukibadilisha baadaye, aliwaita waoga. Mshono wa Grogu ni msafi kuliko wa Gelfling, lakini yeye ni mmoja, hasemi, na mara nyingi kakaa. Mwezi huohuo ikaja His Dark Materials ya BBC na HBO. Huko vikaragosi vya wanyama vilitumika kwenye seti ili waigizaji wapate pa kutazama na cha kugusa, kisha vikaondolewa vyote na kuwekwa wanyama wa kompyuta wa Framestore. Kilichobaki cha kikaragosi ni mkono wa mwigizaji unaokunja vidole mahali sahihi. Ni njia ya busara kwa wanyama wa kawaida. Kwa dunia ya kubuni tangu mwanzo, njia ya Henson inalipa zaidi.

Kwa hadithi tutapita haraka. Majina ni mengi, koo za Gelfling ni saba, na sehemu ya pili hadi ya nne zinatembea kwa kujikokota. Muziki wa Daniel Pemberton ni mzuri, mzito kidogo. Mfululizo ulipewa tuzo ya Emmy ya kipindi cha watoto mwaka 2020, jambo linalochekesha kidogo, kwa sababu viumbe wanafyonzwa uhai hadi wanayeyuka, na Skeksis aitwaye Mwanasayansi anang'olewa jicho na mdudu. Mtoto wa chini ya miaka minane asiachwe nao peke yake usiku.

Ushauri wa kutazama. Ingia kwenye mipangilio ya televisheni uzime ule ulainishaji wa mwendo: LG huuita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus. Ukiuacha, televisheni inabuni fremu za katikati, mtetemo wa kikaragosi unageuka mchezo wa bei rahisi, na kingo zilizofutwa zinameremeta. Punguza pia makali ya picha. Mfululizo una giza jingi, kwa hiyo simu juani haifai. Netflix inapendekeza kasi ya Mbps 5 kwa HD kamili na 15 kwa 4K. Matumizi yanafika GB 3 kwa saa kwa HD na 7 kwa 4K, yaani sehemu zote 10 zinaweza kula takriban GB 27 au 63. Anayetumia bando la simu apakue kwa Wi-Fi.

Kwa studio ndogo inayotaka kuiga, machache ya uhakika. Anza na kamera kwenye stendi, fremu 25, shata 1/50, ukifunga mwanga, fokasi na rangi visijibadilishe vyenyewe, kisha piga sekunde 10 za seti tupu kabla taa haijaguswa. Chagua nguo ya mchezeshaji kwa kutazama seti: kwenye majani vaa bluu. Jaribio la kwanza liwe na kikaragosi chenye kofia au nywele fupi, utajiokoa siku kadhaa. Programu ya Blender hukokotoa mwendo wa kamera bure, na toleo la bure la programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve lina sehemu iitwayo Fusion ya kufutia. Kwa macho, servo ya SG90 ya gramu 9 inatosha kwa mboni, ila meno yake ni ya plastiki na huvunjika ukiipa kope nzito. MG90S ina meno ya chuma. Usizipe servo umeme kupitia ubao wa Arduino unaoziongoza. Zikisogea pamoja zinavuta mkondo mkubwa, ubao unajizima na kuwaka, na macho yanaruka katikati ya onyesho. Zipe betri yake, ukiunganisha waya za hasi. Ngozi ya lateksi ni nyepesi na rahisi kupaka rangi, lakini jua na mafuta ya mikono huiua. Silikoni hudumu, ni nzito zaidi, na haishiki rangi yoyote isipokuwa yenye msingi wa silikoni. Sauti rekodi upya, kwa sababu servo zinalia.

Asiye na muda wa saa tisa atazame sehemu ya kwanza kisha ya saba. Humo wazee wawili wanawasimulia mashujaa historia ya dunia yao kwa onyesho la vikaragosi, vilivyobuniwa na Barnaby Dixon, Mwingereza aliyejulikana YouTube kwa vikaragosi vya vidole. Ni vikaragosi vinavyotazama vikaragosi, na ndizo dakika bora za mfululizo mzima.

Hakuna msimu wa pili. Septemba 2020 ilithibitishwa kwamba umekatishwa, na hadithi inaishia njiani, ingawa filamu ya 1982 inaeleza mwisho wake. Filamu ya nyuma ya pazia, The Crystal Calls, itazame baada ya sehemu ya 10, maana inaonyesha wazi nani alikuwa wapi ndani ya kila fremu, na ukishaona mikono ile huwezi kuacha kuitafuta.